Vegani Si Kinga ya Mzio: Kuandika Lebo na Kuzuia Mabaki kwenye Vitafunwa vya Pakiti

Anayekula vegani akikuta neno hilo kwenye pakiti ya krispi za ndizi, anaelewa kwamba humo hamna nyama, samaki, maziwa, yai wala asali. Mama wa mtoto mwenye mzio wa maziwa akilikuta neno hilohilo, anaelewa zaidi ya hapo: anaamini pakiti hiyo ni salama kwa mwanawe. Lebo haikumwambia hivyo. Neno vegani linaeleza ulichokusudia kuweka, na mzio hauangalii kusudi. Unaangalia kilichoingia, hata kama kimeingia kwa mwiko, kwa mafuta ya jana au kwa vumbi la mashine ya kusaga.

Tena vitafunwa vya vegani vina hatari yake ya pekee. Ukishatoa maziwa na mayai, unajaza nafasi kwa karanga, korosho, ufuta, soya na ngano, na hivyo vyote ni vizio, yaani vyakula vinavyoamsha mzio. Chumba kinachotengeneza kashata, korosho za kukaanga na chauro kina vizio vingi kuliko jiko la nyama choma.

Maelezo haya ni ya mtengenezaji mdogo wa Arusha au Moshi anayefunga bidhaa za namna hiyo na kuzipeleka madukani, hotelini na kwa kampuni zinazopandisha wageni mlimani.

Vizio vya kufuatilia

Kwa kazi ya hapa, bandika ukutani orodha hii: ngano, shayiri na rai, karanga, korosho, lozi na jamii zake, ufuta, soya, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, katika mapitio ya 2024, viliongeza ufuta kwenye orodha kuu. Marekani ufuta ni lazima kutajwa tangu tarehe 1 Januari 2023. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 1169/2011, unataja vizio 14, vikiwemo haradali na seleri. Haradali isikupite: imo kwenye chauro nyingi na kwenye bizari nyingi za kuchanganya.

Kuna pia salfaiti, dawa inayozuia maembe na mananasi ya kukausha yasigeuke rangi. Ikifika miligramu 10 kwa kilo ya bidhaa, itajwe. Nazi haimo kwenye orodha ya Codex, na Marekani iliiondoa kwenye kundi la lozi na korosho Januari 2025, lakini itaje kwenye viambato kama kiambato kingine chochote.

Kiasi kidogo ni kidogo kiasi gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu jicho halioni. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, lilipendekeza viwango rejea, yaani kiasi ambacho si zaidi ya asilimia 5 ya wenye mzio husika wanatarajiwa kuonyesha dalili za wazi wakikila. Kwa karanga, maziwa na ufuta ni miligramu 2 za protini. Kwa korosho ni 1. Kwa ngano ni 5.

Karanga ni protini kwa karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo miligramu 2 za protini ni miligramu 8 za karanga. Punje ndogo ya nusu gramu ukiikata vipande sitini, kipande kimoja kinafikia kiwango hicho. Chukua bechi ya kilo 20 za krispi za ndizi, iliyofungwa pakiti za gramu 50. Gramu 3.2 za karanga, yaani punje sita hivi, zikisagika na kusambaa sawasawa humo, kila pakiti imefika kikomo. Zisiposambaa ni hatari zaidi, maana pakiti chache zitabeba punje nzima na nyingine zote zitakuwa safi. Ndiyo maana kuonja, kutazama, au kusema "tumeuza miaka yote hakuna aliyelalamika" si kipimo.

Moto nao hauokoi. Kukaanga karanga hakuondoi nguvu ya protini yake, na kuna ushahidi kwamba kuchoma kunaiongeza.

Anza na malighafi, na majina yanayodanganya

Kiswahili chetu cha sokoni kina maneno machache yanayoweza kuumiza mtu. "Njugu" kwa mmoja ni karanga, kwa mwingine ni njugu mawe. "Siagi" inaweza kuwa ya maziwa au majarini, na majarini nyingine zina unga wa maziwa ndani yake. Siagi ya karanga haina maziwa kabisa ila ina jina hilohilo. "Samli" inaweza kuwa ya ng'ombe au ya mboga. Kwa hiyo ndani ya karakana yako piga marufuku majina ya mkato. Kila ndoo iandikwe kwa ukamilifu: KARANGA, SAMLI YA MBOGA, MAJARINI na jina la mtengenezaji wake.

Kisha soma nyuma ya kila kiambato kilichochanganywa na mtu mwingine. Unga wa ladha wa krispi ndio mkorofi wa kwanza. Ule wa jibini, na mara nyingine hata wa pilipili au nyanya, unaweza kuwa na laktosi (sukari ya maziwa) au unga wa maji ya maziwa kama kibebeo cha ladha. Mchuzi wa soya kwa kawaida hutengenezwa pamoja na ngano. Hing ya unga, kiungo chenye harufu kali kinachotiwa kwenye chauro na bagia, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili isigandamane. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutokana na wadudu, basi ubuyu uliotiwa rangi hiyo si vegani. E322 ni lesithini, mara nyingi ya soya. E471 inaweza kutoka kwenye mimea au mafuta ya wanyama, na namba yenyewe haikuambii. Muulize muuzaji akuandikie.

Chokoleti nyeusi inastahili tahadhari yake. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwahi kupima chokoleti nyeusi 88 ambazo hazikutaja maziwa kwenye viambato, na ikatoa matokeo mwaka 2015: 51 zilikuwa na maziwa. Sababu ni mashine moja kutumika kwa chokoleti nyeusi na ya maziwa, na mashine za chokoleti haziwezi kuoshwa kwa maji hovyo. Ukipaka chokoleti ya kununua juu ya korosho zako, umerithi tatizo la kiwanda kile.

Ununuzi wa rejareja, iwe soko la Kilombero Arusha au Mbuyuni Moshi, una shida ya kopo. Muuzaji anachota karanga, anachota ulezi, anachota dengu, kopo ni lilelile. Nunua gunia lililofungwa, au nenda na kopo lako umwombe achote katikati ya gunia, kisha pepeta na uchague kwa mkono kwenye meza nyeupe. Kuchagua kunatoa punje, hakutoi vumbi. Na usipokee malighafi kwenye gunia lililowahi kubeba karanga, wala usihifadhi unga kwenye ndoo iliyokuja na siagi ya karanga hata kama umeiosha mara tatu. Plastiki iliyokwaruzika inashika mafuta, na mafuta yale yamebeba protini.

Mashine ya kusaga ya mtaani

Kama unasaga ulezi, mtama au dengu kwenye mashine ya mtaani, hapo pana hatari kubwa sana. Mashine hiyohiyo inasaga unga wa lishe, na unga wa lishe kwa kawaida una karanga na soya, pengine na ngano. Mabaki yanakaa sehemu nne: kwenye pembe za hopa (mdomo wa kumiminia nafaka), nyuma ya chekeche, kwenye bomba la kupandisha unga, na kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea. Mfuko ndio mbaya kuliko vyote kwa sababu haufuliwi, unakung'utwa tu.

Kuwa mteja wa kwanza asubuhi hakusaidii peke yake. Mabaki ya jana jioni bado yapo. Fanya hivi. Elewana na mwenye mashine siku moja kabla, umlipe muda wake. Mashine ikiwa imezimwa na swichi kuu imekatwa, afungue, atoe chekeche, apige brashi kavu ndani, kwenye nyundo na kwenye bomba. Funga mfuko wako mwenyewe uliofuliwa na kukauka. Kisha saga kilo 5 za mahindi matupu, uyatoe. Hayo yanasukuma mabaki, kwa hiyo hayaingii kwenye bidhaa yako hata kidogo. Yapeleke kwa kuku. Ndipo usage nafaka yako.

Hata ukifanya yote hayo, lebo yako bado itaje kwamba huenda kuna karanga na soya, mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo. Na usithubutu kuandika "haina gluteni" kwa sababu tu ulezi kwa asili hauna gluteni, yaani protini ya ngano, shayiri na rai. Kikomo cha Codex kwa dai hilo ni miligramu 20 kwa kilo, na vumbi la ngano kwenye mashine ya pamoja linakivuka bila shida. Anayetaka soko hilo anunue mashine yake ndogo. Watu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wenye ofisi Arusha na Moshi, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

Mafuta

Karai moja la mafuta likikaanga visheti vya maziwa asubuhi na krispi za mihogo mchana, krispi hizo zimebeba maziwa na ngano. Kuchuja kunatoa makombo makubwa tu. Kanuni ni karai moja na mafuta yake kwa kundi moja la bidhaa, na mafuta hayahami kutoka karai moja kwenda jingine, hata kama bei yake imepanda.

Uliza pia mafuta yamekamuliwa wapi. Mafuta ya alizeti ya kukamua bila kusafishwa kiwandani, kama yametoka kwenye mashine inayokamua pia ufuta au karanga, yanaweza kuja na protini zake. Mafuta yaliyosafishwa kikamilifu yana protini kidogo mno. Si lazima uache ya kukamua, maana ladha yake ni nzuri na wakulima wa alizeti ni wetu. Mpate tu mkamuaji anayekamua alizeti peke yake.

Mpangilio wa chumba na wiki

Wengi hawana vyumba viwili. Tenganisha kwa muda basi. Jumatatu na Jumanne tengeneza visivyo na kizio: krispi za ndizi, mihogo, ubuyu. Jumatano vyenye ufuta. Alhamisi korosho. Ijumaa karanga, halafu Jumamosi osha kila kitu. Usigeuze mpangilio huo kwa sababu hoteli imepiga simu Jumanne ikitaka kashata za karanga. Oda ya dharura ndiyo inayovunja utaratibu, kwa hiyo weka akiba ya pakiti za karanga zilizokwisha kufungwa.

Vifaa vya karanga viwe na rangi yake. Nyekundu kwa karanga, njano kwa korosho na ufuta, kijani kwa vingine: mwiko, ungo, beseni, chota, brashi, aproni. Miko ya mbao isiwe ya pamoja kabisa, maana mbao inanyonya. Meza ya kufungia, mizani na mashine ya kufungia pakiti vinasahaulika mno. Watu wanaosha karai likang'aa, kisha wanapima krispi kwenye sahani ya mizani yenye vumbi la karanga.

Vipande vilivyovunjika navyo vina sheria yake. Makombo ya kashata za karanga yanarudi kwenye kashata za karanga tu. Kuyasaga na kuyatia kwenye mchanganyiko mwingine "yasipotee" ni kuweka kizio ambacho lebo haikijui.

Wafanyakazi wasile karanga ndani ya chumba, wala siagi ya karanga kwenye mkate wa chai. Wakitoka kula, wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dawa ya mikono ya kupaka haitoshi: inaua vijidudu, protini ya karanga inaiacha palepale kiganjani.

Kusafisha

Anza na kavu. Zoa, piga brashi, nyonya kwa mashine ya kunyonya vumbi. Usitumie upepo wa kompresa; unarusha vumbi la karanga darini, na usiku linashuka kwenye trei za kijani. Baada ya hapo maji ya moto na sabuni, sugua, suuza kwa maji mengi safi, kisha kausha kabisa. Unyevu unaobaki unalainisha krispi na kukaribisha ukungu. Dawa ya klorini ni hatua ya mwisho, ya kuua vijidudu. Haichukui nafasi ya sabuni. Fungua vinavyofunguka: kisu cha blenda, raba ya mfuniko, ukingo wa mashine ya kufungia. Mwisho pitisha kitambaa cheupe kibichi kila mahali. Kikitoka na rangi au mafuta, rudia. Kikitoka cheupe umethibitisha usafi wa macho tu, na ni lazima kuufikia kabla ya kipimo chochote.

Vipimo vya haraka vya karanga, maziwa au gluteni vipo, vinavyofanya kazi kama kile cha ujauzito: unasugua meza kwa pamba, unachovya, unasubiri mistari. Hakikisha umenunua cha kizio unachokitafuta. Kipimo cha usafi kinachosoma mwanga, kiitwacho ATP, hakijui karanga ni nini. Pima baada ya kuosha Jumamosi, na pima pakiti za kwanza za Jumatatu, kwa sababu za kwanza ndizo zinazobeba mabaki.

Kuandika lebo

Kwa Tanzania, usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, majukumu hayo yalipotoka kwa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za chakula kilichofungashwa ni EAS 38. Wape TBS rasimu ya lebo kabla ya kuchapisha. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, na kuchapisha lebo elfu mbili zenye kosa ni hasara ya bure.

Viambato vinaandikwa kuanzia chenye uzito mkubwa. Vizio vikolezwe wino, kisha virudiwe kwenye mstari wake. Mfano wa kashata:

VIAMBATO: Ufuta (45%), sukari, korosho (20%), unga wa ulezi, chumvi.
INA: UFUTA, KOROSHO.
HUENDA IKAWA NA: KARANGA, SOYA. Ulezi umesagwa kwenye mashine inayosaga karanga na soya.
Haifai kwa mwenye mzio wa vyakula hivyo.

Sentensi ya mashine si ya lazima, lakini tunaipendekeza. Msomaji mwenye mzio anaamua vizuri zaidi akijua chanzo. "Huenda ikawa na" isiwe kichaka cha kujificha. Ukiandika vizio vyote kwenye bidhaa zote ili ulale usingizi, umemnyima mtu chakula alichoweza kula, na umemfundisha kupuuza onyo la kweli. Andika tu pale ulipojaribu kuzuia na hatari ikabaki. Na kizio ulichokiweka mwenyewe hakiandikwi "huenda", kinaandikwa "ina".

Neno vegani na onyo la maziwa vinaweza kukaa pakiti moja bila kupingana: hukuweka maziwa, ila chokoleti yako ilipita kwenye mashine ya maziwa. Viweke upande mmoja vionekane pamoja. Neno vegani likiwa kubwa mbele na onyo likiwa dogo nyuma kwenye mkunjo, umempotosha mtu.

Kwa lebo za wageni ongeza Kiingereza, na hapo karanga ziandikwe "peanuts", korosho "cashews". Neno "nuts" peke yake halitoshi. Kuna mwenye mzio wa karanga anayekula korosho, na kinyume chake.

Kosa la kawaida na hatari kuliko yote ni lebo sahihi kwenye pakiti isiyo yake. Hesabu lebo. Ukitoa 200, zikatumika 187, lazima 13 zirudi kabatini, na meza iwe tupu kabla ya kuleta lebo za bidhaa nyingine. Pakiti zinazofanana rangi zinaomba ajali, basi karanga iwe na rangi yake tofauti kabisa. Ukibadilisha muuzaji wa kiambato, soma upya, na lebo za zamani zichanwe siku hiyohiyo.

Pakiti za mlimani

Wapishi wa safari wana mazoea ya kumimina krispi na korosho kwenye mifuko midogo ya chakula cha mchana ili kupunguza takataka. Lebo inabaki jikoni Moshi, na mgeni anafungua mfuko usio na jina akiwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu, mbali na hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi. Shambulio kali la mzio linaweza kufunga koo ndani ya dakika chache, na adrenalini, dawa ya sindano ya shambulio hilo, huenda ikawa ile tu aliyokuja nayo mwenyewe. Wauzie pakiti za gramu 30 hadi 50 zenye lebo kila moja. Kiongozi wa msafara akikuuliza kama mgeni wake mwenye mzio anaweza kula, usimjibu "ni vegani, haina shida". Msomee mstari wa INA na wa HUENDA, akuambie mzio ni wa nini. Kama huna uhakika, mwambie asimpe.

Kila bechi iwe na namba iliyogongwa kwenye pakiti na kuandikwa daftarini pamoja na tarehe, magunia yaliyotumika, nani alisafisha na nani alinunua. Weka pakiti mbili za kila bechi kabatini mpaka mwezi mmoja baada ya muda wake wa mwisho wa matumizi. Mtu akipiga simu kusema ameumwa, mwombe namba ya bechi, simamisha mauzo ya bechi hiyo kabla hujatafuta nani mkosaji, pigia simu kila duka na hoteli iliyopokea, watoe rafuni siku hiyo, na uwaarifu TBS. Pakiti moja ya kabatini ndiyo utakayopeleka kupimwa. Ya pili usiifungue.